Mkanda wa Nkoma na Sauti Iliyokimbizwa

Ukitaka kumtia Sia hasira, muulize kwa nini. Ukimuuliza namna ya kuunganisha picha za harusi, atakuvutia kiti na kukuonyesha hatua kwa hatua. Ila ukimuuliza kwa nini kitufe hiki kibonyezwe kabla ya kile, atakunja uso, kwa sababu hata yeye hajui. Kazi ya video aliiokota Moshi mjini kwa kumbebea nyaya binamu yake aliyekuwa akipiga picha za harusi. Alichoona kinafanyika ndicho alichofanya, na kikienda vizuri hakukihoji.

Bariadi alikuja kwa kumfuata mumewe, Wilbroad, aliyehamishiwa ofisi za mkoa. Sia alishuka stendi amelikumbatia begi la kamera kifuani kama mtoto mchanga. Miezi ya mwanzo aliishi kama kiziwi. Sokoni Kisukuma, kisimani Kisukuma, na jirani wa kwanza aliyebisha hodi kumkaribisha alisalimia, "Mwangaluka," naye Sia akamjibu, "Asante, ametoka asubuhi," akidhani anaulizwa mumewe yuko wapi. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo walikuwa marafiki, lakini Kisukuma hakikuingia.

Alipanga chumba kando ya barabara ya kwenda sokoni, akaweka meza, laptopu, spika mbili na kiti cha mteja. Pamba ikishauzwa harusi hufuatana kama nzige, na Sia akawa hapumziki. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na maringo na kazi yake ilikuwa safi.

Safi, isipokuwa kwa jambo moja lililokuwa likimkera kimoyomoyo. Kila alipochanganya picha za kamera yake na zile walizopiga wageni kwa simu, za simu zilikuwa zinashtuka. Bibi harusi anatembea vizuri, taratibu, ghafla anaruka kidogo kama aliyekanyaga mwiba, kisha anaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Sia alibadilisha nyaya, alibadilisha programu, aliwahi hata kulaumu joto. Mwishowe akawa anaziba aibu hiyo kwa kumwagia maua ya kompyuta juu ya picha, na wateja wakadhani ni madoido.

Basi ndipo akaja Veronica.

Veronica ni mwalimu wa sekondari hapo hapo mjini, mwanamke mnene mpole anayeongea kama mtu anayesahihisha daftari: neno moja moja, kwa uangalifu. Alikaa kwenye kiti cha mteja, akatoa mkobani kaseti ya video ya zamani, ile kubwa nyeusi ya kuwekwa kwenye deki, na flashi ndogo nyekundu. Akaviweka mezani kimoja kando ya kingine.

"Nina misa ya kumbukumbu ya baba," alisema. "Kwetu Nkoma. Nataka watu waone filamu hii, na wewe uongeze picha za familia ya sasa, tulizopiga kwa simu."

"Baba yupo ndani ya filamu?"

"Yupo. Ila hasikiki. Ngoja nikueleze."

Akamweleza. Baba yake, Mayala, alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo katika kundi la ngoma la Nkoma. Mdogo wake, Mayunga, alikuwa ningi vilevile. Ndugu hao wawili walipokezana kuongoza, leo huyu, kesho yule. Wakati Veronica bado anabebwa mgongoni, walikuja wageni kutoka Ulaya na kamera kubwa ya filamu, wakawapiga picha siku nzima wakicheza. Wageni wakaondoka. Mayala akaugua kifua, akafa kabla mtoto hajajua kusema baba. Mayunga akachukua familia ya kaka yake, akamlea Veronica, akamsomesha. Miaka mingi baadaye kaseti ikaletwa parokiani kama zawadi, watu wakajaa kuitazama.

"Sasa kuna wimbo mmoja mkubwa humo," Veronica aliendelea. "Anayeongoza haonekani uso. Baba na baba mdogo wamesimama pamoja, mavazi yaleyale, wote wameipa kamera mgongo. Watu waliposikia sauti, wakasema wote: huyu Mayunga, ya Mayala ilikuwa nzito zaidi. Kwa hiyo ninaye baba wa picha ya mgongo. Sauti ni ya baba mdogo."

"Na flashi?"

"Rafiki yangu aliyeko masomoni kule aliwatafuta wenye filamu. Wamemtumia nakala mpya, safi. Sijaifungua. Kompyuta ya shule ilikataa."

Sia alisema hakuna shida. Ndilo neno alilosema kwa kila mteja.

Shida ilianza mchana uleule. Aliazima deki kwa fundi redio, akaingiza kaseti kwenye laptopu, kisha akafungua ile ya flashi, akaziweka zote mbili kwenye programu yake, ya juu na ya chini. Zilikuwa filamu moja: mti uleule wa mwanzo, mbuzi yuleyule anayekatiza mbele. Ila ya flashi ilichukua saa nzima, na ya kaseti iliisha mapema, karibu dakika mbili na nusu kabla.

"Imekatwa," Sia alijisemea. Huenda waliotengeneza kaseti waliondoa kipande. Pengine kipande hichohicho ndicho chenye uso wa Mayala! Akaanza kutafuta mahali palipokatwa. Alitazama zote mbili kwa pamoja, mbuzi kwa mbuzi. Mwanzoni zilienda sawa. Baada ya muda kidogo ya kaseti ilikuwa mbele hatua moja. Baadaye mcheza ngoma wa kaseti alikuwa ameshatua wakati wa flashi bado yuko hewani. Ikafika mahali ya kaseti imeshaingia kwenye wimbo mkubwa na ya flashi bado inaonyesha wanawake wakichota maji. Lakini hakuna kilichopungua. Kila mtu alikuwepo, kila hatua ilikuwepo. Dakika mbili na nusu zilikuwa zimepotea na hakuna aliyeziondoa.

Alirudia siku iliyofuata. Ikawa vilevile. Wilbroad alipopita kumletea chakula, alimkuta ameshika kichwa.

"Vitu viwili sawa, kimoja kirefu," Sia alisema. "Inawezekanaje?"

Wilbroad alitazama kwa makini, mikono nyuma, kama anayekagua mradi. "Labda saa ya kompyuta ni mbovu," alisema, akaondoka akiwa ameridhika na msaada wake.

Ndipo Sia akampigia Justine, rafiki yake wa Moshi ambaye sasa yuko kwenye kituo kimoja cha televisheni Mwanza. Alimweleza yote kwa pupa. Justine alicheka.

"Hakuna kilichokatwa, dada. Filamu ya sinema inapigwa fremu ishirini na nne kwa sekunde. Yaani picha ishirini na nne zilizosimama, zinapita upesi mpaka jicho linadanganyika. Televisheni zetu ni ishirini na tano. Zamani, wakitaka kuingiza filamu kwenye televisheni au kaseti, wanaikimbiza kidogo hesabu ikae. Safari ni ileile ya Bariadi kwenda Mwanza, ila dereva mmoja kakanyaga mafuta zaidi."

"Na watu waliomo?"

"Wanakimbizwa nao. Kidogo tu, huwezi kuona."

"Na sauti?"

"Sauti nayo inapanda. Mwenye sauti nzito anapungua uzito."

"Na simu, Justine? Hizi simu za watu?"

"Simu nyingi thelathini. Ukiziweka na zako za ishirini na tano bila mpango, programu inatupa picha kadhaa kila sekunde ili zilingane. Ndiyo maana zinashtuka."

Kumbe ndio mwiba wa maharusi! Sia alitaka kufurahi, akakuta amekasirika. "Sasa kwa nini wasikubaliane namba moja?"

"Kila nchi ilikuwa na umeme wake na sababu zake. Mambo ya kale hayo."

"Basi niambie, kati ya kaseti na flashi, ya kweli ni ipi?"

"Ya kweli ni ile yenye mwendo uleule filamu ilipopigwa. Flashi. Kama huyo aliyeituma hakuichezea."

Simu ilikatika, na lile neno *kama* likabaki limemganda Sia kichwani kama mbigili kwenye soksi.

Veronica alipokuja, Sia alijaribu kumfafanulia. Alianza vibaya. "Tatizo ni fremu. Kaseti ina fremu ishirini na tano, flashi ishirini na nne."

"Fremu za maduka?" Veronica aliuliza, maana Bariadi nzima fremu ni chumba cha biashara cha kupanga.

"Hapana, fremu za picha." Sia alichora vijiboksi kwenye karatasi, akahesabu, akajichanganya, akafuta. Alipoona wote wawili wamezama, aliacha maneno akacheza wimbo mkubwa. Kwanza wa kaseti. Veronica aliitikia kwa kichwa. Aliujua tangu utoto, vijana wote wa Nkoma walijifunzia hapo. Kisha Sia akacheza wa flashi.

Sauti ilitoka nzito kidogo. Si sana. Kama mtu yuleyule aliyeketi badala ya kusimama, au mtu mwingine kabisa wa damu moja. Veronica aliweka mkono mdomoni.

"Huyu si baba mdogo," alisema. Kisha, kwa haraka, "Au ni yeye? Sia, ni yeye?"

"Mimi simjui baba yako mdogo."

"Na mimi simjui baba yangu," Veronica alisema.

Jumapili walikwenda Nkoma. Sia alibeba laptopu, spika na wasiwasi. Mama yake Veronica, bibi Kwandu, aliwapokea uani. Macho yake yalikuwa yamefifia, alimshika Sia mikono yote miwili akaipapasa kama anayepima vitambaa. "Mwadila, mayu," alimsalimia, na Sia, aliyekuwa amefundishwa njiani, akajibu sawasawa, akasifiwa kupita kiasi. Mzee Mayunga alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, mrefu, mkavu, kofia gotini. Kando yake mwanawe Selestini, mkulima wa pamba, mtu wa rika la Veronica. Veronica alipiga magoti akamsalimia baba yake mdogo, naye akamwekea mkono kichwani.

Sia alicheza wa kaseti kwanza. Mayunga alifumba macho, akatikisa kidole kwa mapigo ya ngoma, midomo ikifuatisha.

"Nilikuwa na pumzi siku hiyo," alisema.

Kisha akacheza wa flashi.

Kidole cha mzee kilikosa pigo, kikasimama hewani. Bibi Kwandu, aliyekuwa akichambua mchicha, aliweka ungo chini. Wimbo ulikwenda hadi mwisho.

"Mayala," bibi alisema. Alilisema kama mtu anayemwita aliyeko chumba cha pili.

"Shemeji," Mayunga alianza.

"Nimelala na sauti hiyo ndani ya nyumba. Ndiye."

"Mbona kaseti ilipokuja hukusema?"

"Watu wote walisema Mayunga. Nikaona masikio yangu yameharibiwa na kilio. Nikanyamaza."

Selestini akamgeukia Sia. "Mama, hebu sema ukweli. Hiyo mashine yako imefanya nini?"

Sia akaeleza habari ya kukimbizwa. Ili aeleweke, akafanya kosa: aliuchukua wimbo akaupunguza mwendo zaidi, ukawa mzito kama fahali anayeguna. Watu wakacheka. Akauongeza, ukawa kama kifaranga. Wakacheka zaidi. Kisha kicheko kikafa, na Mayunga akasema polepole:

"Kwa hiyo unaweza kunifanya mtu yeyote."

"Hapana, mzee."

"Umenifanya fahali sasa hivi. Umenifanya kifaranga. Ukitaka kunifanya kaka yangu, unashindwa wapi?"

Jibu alilokuwa nalo Sia ni kwamba flashi ndiyo mwendo wa kweli, kama aliyeituma hakuichezea. Aliliona lile *kama* limekaa mbele yake, akashindwa kulipita. Hao wa Ulaya hakuwajua. Huenda nao wana programu, huenda nao wanabonyeza bila kujua kwa nini. Alitazama namba kwenye kioo, ishirini na nne, ishirini na tano, na kwa mara ya kwanza zilionekana kwake kama majina ya watu asiowafahamu.

"Sijui, mzee," alisema. "Kusema kweli, sijui."

Veronica alikuwa anamtazama mama yake, halafu baba yake mdogo, halafu mama yake. Mmoja wao lazima awe amekosea, na wote wawili ndio waliomlea. Sia alitamani angekuwa Bariadi akimwagia maharusi maua.

Kwa kuwa mikono yake haikujua la kufanya, alibonyeza filamu ya flashi icheze tena kwa mwendo wake. Wimbo ulikwisha, wacheza ngoma wakatawanyika, na nyuma yao, mbali, kitu kikalia: ngaa, ngaa, ngaa.

"Si kengele ya shule hiyo?" Selestini aliuliza.

Sia akarudisha nyuma. Ngaa, ngaa, ngaa.

"Ndiyo," Mayunga alisema bila kufikiri. "Ni ringi ya lori. Lori la pamba lilipinduka kwenye korongo, tukaichukua mimi na kaka, tukaipitishia mti tukaibeba mabegani hadi shuleni. Iliniumiza bega hili."

"Bado ipo," Selestini alisema. "Wanangu wameitwa darasani kwa hiyohiyo."

Sia alielewa polepole, na alipoelewa aliinuka na laptopu mkononi. Kaseti inaweza kukimbizwa, flashi inaweza kuchezewa, lakini chuma kilichotundikwa mtini hakijui mambo ya fremu. Kinalia kama kilivyolia.

Shule haikuwa mbali, wakaenda kwa miguu, bibi Kwandu akishikwa mkono na Veronica. Uwanja ulikuwa mtupu kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Mlinzi aliwafahamu, akawaruhusu. Ringi ilikuwa inaning'inia kwa mnyororo kwenye mti wa mkaratusi, imeshika kutu ubavuni, na mahali inapopigwa pamelainika na kung'aa.

Selestini akaokota chuma, akapiga. Sia akacheza kengele ya kaseti. Akapiga tena. Akacheza ya flashi.

"Zote kengele," Selestini alisema, amekata tamaa.

Sia naye hakuweza kutofautisha. Alisikia chuma, na chuma, na chuma. Veronica alitikisa kichwa. Safari moja alidhani kaseti, safari nyingine flashi. Bibi Kwandu alisema masikio yake ni ya watu, ya vyuma hayajui. Ilikuwa ni kama kupotea tena baada ya kuonyeshwa njia.

"Nipe," Mayunga alisema.

Akachukua chuma mkononi mwa mwanawe. Akapiga mara moja, pale panapong'aa, akaegemeza sikio. Mlio ulipokuwa unafifia, akauchukua kwa sauti yake, akaushika kooni, *mmmm*, kama ningi anavyoshika wimbo kabla ya kuwagawia wengine. Akiwa bado anaushika akamwashiria Sia kwa kidole: cheza.

Sia akacheza ya kaseti. Mzee alikunja uso kama aliyeuma jiwe kwenye wali.

Akapiga tena. Akaushika tena. Akaashiria. Sia akacheza ya flashi.

Sauti ya mzee na ya kengele zikaingiana. Hata Sia alisikia safari hii. Au alidhani amesikia, kwa sababu aliona uso wa mzee. Ulikuwa umelegea. Kengele ya filamu ilinyamaza na yeye akaendelea kuishika sauti mpaka pumzi ikaisha.

Hakuna mtu mwingine pale aliyekuwa na sikio hilo. Angesema kaseti, wangeamini. Angesema hajui, mambo yangebaki yalivyokuwa. Sia alilifikiria hilo baadaye mara nyingi.

"Hii mpya ndiyo," Mayunga alisema. "Ringi ni yetu. Na wimbo ni wa kaka."

Akamrudishia Selestini chuma. Veronica alianza kulia, na ilikuwa dhahiri hajui analilia nini. Alimshika baba yake mdogo mkono, akauachia, akaushika tena.

"Baba," alisema, "sikutaka kukunyang'anya."

"Hukuninyang'anya, ng'wana Mayala." Alimwita hivyo, mtoto wa Mayala, na haikuwa desturi yake, siku zote alimwita mwanangu. "Miaka yote hii nilikuwa najisikiliza. Nasema, Mayunga, ulikuwa hodari. Hata siku nikiumwa nilikuwa naomba waniwekee. Kumbe nilikuwa namsikiliza kaka." Alivaa kofia, akaivua. "Sikudanganya mtu. Nilijisikia mimi kabisa. Nakumbuka hata jasho."

"Labda ulikuwa unaimba pia, kwa chini," Selestini alisema.

"Labda. Sasa nitajuaje?"

Walirudi nyumbani. Bibi Kwandu aliomba wimbo uchezwe tena, akausikiliza amefumba macho, na ulipokwisha alishukuru, "Wabeja," akarudi kwenye mchicha wake.

Sia alirudi Bariadi akaifanya kazi ile kuliko alivyowahi kufanya kazi yoyote. Safari hii aliipanga yote kwa mwendo wa filamu, ishirini na nne, kisha akazishughulikia picha za simu moja moja zifuate. Hazikuruka. Zilijiburuta kidogo watoto walipokimbia, na hakujua ni kwa nini, ila hakumwaga maua.

Siku ya kumbukumbu ilipofika, baada ya misa, maturubai yalifungwa uani kwa bibi Kwandu na televisheni kubwa ikawekwa kivulini. Watu walikuja hata kutoka vijiji vya jirani. Veronica alisimama akasema kwa utaratibu wake wa mwalimu kwamba sauti watakayosikia ni ya Mayala. Minong'ono ikapita. Wazee wengine walitazama upande wa Mayunga, naye akaitikia kwa kichwa, wakatulia. Si wote waliokubali. Mama mmoja nyuma ya Sia alisema kwa sauti kwamba yeye Mayunga anamjua, na huyo ni Mayunga mwenye mafua.

Wimbo mkubwa ulipoanza, vijana wa ngoma walishindwa kukaa. Waliinuka wakaanza kuimba pamoja na filamu, kila mmoja anajua kila neno. Na hapo likatokea jambo ambalo Sia hakulitarajia. Walikuwa wanamwacha Mayala nyuma. Si kwa makusudi. Walikuwa wamejifunza kwenye kaseti, miguu yao ilikuwa na mwendo wa kaseti, na sauti zao zilianzia juu kidogo kuliko yake. Walifika mwisho wa ubeti, na yeye bado yuko njiani, anakuja. Wakamsubiri, wakaanza tena naye, wakamwacha tena. Wengine wakaanza kucheka, wengine kutazamana. Ngoma ikapoteza mguu. Kwa muda hapakuwa na wimbo pale, palikuwa na fujo ya watu wanaoujua wimbo.

Mayunga aliinuka kwenye kiti chake. Alipita katikati yao hadi mbele ya televisheni, akawageukia vijana, akaipa picha ya kaka yake mgongo. Akainua mkono, kiganja chini, akawashusha, kama unavyowatuliza ng'ombe wakati wa kuwapitisha mtoni. Taratibu. Taratibu. Akaichukua sauti ya Mayala chini kule ilikokuwa, akawapa. Mmoja akaidaka, wa pili akaidaka. Miguu ikaanza kungoja.

Sia alikuwa na kamera begani. Alitaka kumpiga picha mzee, akataka kumpiga Veronica, ambaye alikuwa amesimama kando ya televisheni na kiganja chake juu ya spika kana kwamba anapima homa. Hakuweza kuamua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya picha alizopata siku hiyo ni za vumbi na migongo.

Wiki iliyofuata Selestini alifika studio, ametumwa na vijana wa ngoma. Walikuwa wanaomba nakala ya wimbo wa mzee Mayala.

"Ile ya taratibu?" Sia aliuliza.

"Hiyo kwa ajili ya makaburini na misa. Kwa kuchezea, wanataka ile ya zamani. Wanasema hii ya kweli inawachosha magoti." Alikuna kichwa. "Na baba anauliza kama unaweza kuja kumrekodi. Anasema safari hii ubaki hapohapo umsikilize na masikio yako, ili baadaye asije akaambiwa ni mtu mwingine."

Sia aliingiza zote mbili kwenye flashi. Ilipofika kuzipa majina, alikaa muda mrefu vidole vikiwa juu ya vitufe. Akaandika "Mayala" kwenye moja, akatazama ya pili, ambayo nayo ilikuwa ni Mayala, akamuuliza Selestini aiteje.